Kwa Editha, Aliyeungua na Kuacha Dawa

Mdogo wangu Editha,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeipata yote jana sokoni hapa Ifakara, kwa shangazi yako anayeuza dagaa, na hakuipamba. Kasema ulianguka jikoni ukalalia moto. Kasema mkono wa kulia umeungua mpaka juu ya kiwiko, na kifua upande huo huo. Kasema mama yako alisimama mlangoni akipiga kelele mpaka ulipojiviringisha mwenyewe ukatoka, na kwamba sasa unalala kwa kukaa kwa sababu bandeji haikuruhusu kulala. Halafu, huku anafunga dagaa kwenye gazeti, akaongeza kama mtu anayemalizia habari ndogo: "Na dawa zake ameacha. Si ameshaungua."

Nilimwacha na dagaa wake mkononi nikarudi chumbani. Ndiyo maana naandika.

Neno hilo wewe unalijua na mimi nalijua. Kwetu, kuanzia Mahenge mpaka huku bondeni, mtu wa kifafa akishaungua moto anahesabiwa kwamba amefika mwisho. Kabla ya moto watu wanamtafutia dawa. Baada ya moto wanamtafutia pa kukaa tu, mbali kidogo na vyombo.

Na mimi niliungua, Editha. Siku ya kwanza tulipokaa benchi moja kliniki uliutazama mkono wangu wa kushoto, ukaniuliza, "Dada, huo mkono umeuchoma au umeuchemsha?" Benchi zima lilitamani kucheka likaogopa. Nikakujibu kwamba niliusahau jikoni. Tangu hapo tumekuwa marafiki na hatukuwahi kuongea zaidi ya hilo. Leo nakueleza yote, na yasiyopendeza pia. Nikikuchagulia mazuri tu, utajua, na hutaniamini.

Nilianza kuanguka mwaka niliomaliza darasa la saba. Mume wangu, marehemu Kaspari, alinioa akijua. Wazazi wake walipomkataza aliwajibu kwamba hata pikipiki hukohoa ikiwashwa asubuhi, na watu wanazipanda. Ndivyo alivyokuwa anaongea. Ni yeye aliyenileta kliniki mara ya kwanza, nikaanza vidonge, na kwa misimu kadhaa ya mpunga nilikuwa mtu kama watu. Nilipanda, nikapalilia, nikaamia ndege, nikavuna. Niliendelea kuanguka mara moja moja, hasa masika, tunapokuwa tumehamia shambani kule bondeni na vidonge vinaisha kabla maji hayajapungua njiani.

Msimu ule vilikuwa vimeisha.

Nilikuwa nasonga ugali chini ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholala ili mafuriko yasitukute. Kidole gumba cha kushoto kikaanza kucheza. Wewe uliniambia kwako inaanza harufu. Kwangu ni kidole. Nilijua kinachokuja, nikajaribu kurudi nyuma, lakini mwili ulikuwa umeshachukuliwa. Nilianguka mbele. Mkono na shavu vikaingia katikati ya mafiga, ugali ukanimwagikia begani, na mwili ukaendelea kupiga, na kila ulipopiga ulijichimbia zaidi kwenye makaa.

Kaspari alikuwa anarudi na kuni. Alinishika kwa mikono yake, akanivuta, na kwa kuwa nilikuwa bado napiga akanilalia juu, kifua kwa kifua, mpaka nikaacha. Povu langu likamtiririka shingoni likachanganyika na majivu, na damu pia, maana nilikuwa nimeuma ulimi. Jirani yetu wa shamba, mzee Longini, alikuja akakomea kwenye tuta.

"Umemshika?"

"Ulitaka nimwache aive?"

"Kaspari. Umemshika akiwa na povu?"

"Mzee, lete maji, acha mahubiri."

"Maji nakuwekea hapa. Usinisogelee."

Nilipitishwa kwenye mtumbwi, halafu nikawekwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Kitenge kilikuwa kimegandana na nyama ya mkono. Hospitali walikiondoa kwa maji, kipande kwa kipande, na kila asubuhi baada ya hapo walinisugua kidonda. Unajua sasa jinsi inavyokuwa. Unasikia kitoroli kinavyokuja, magurudumu yanalia, na unaanza kulia kabla hakijafika. Nilimtukana muuguzi matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua. Alisema, "Tukana, lakini usivute mkono." Nilimshukuru baadaye.

Nilirudi kijijini na mkono uliojikunja kama mguu wa kuku. Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya. Alinipikia uji, akanikandia mgongo. Siku ya tatu alichukua mfuko wa vidonge vipya niliopewa, akatoka nao uani.

"Hivi ni vya mtu anayetarajia," akasema. "Aliyeungua haponi. Tunamlewesha bure."

Akavimwaga. Kuku wakavidonoa. Mchana ule kuku wake wawili walilala kwenye jua kali kando ya choo, na walipoamshwa waliyumba kama wametoka kilabuni, wakalala tena. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nilicheka, shavu linaniuma. Sikuokota kidonge hata kimoja. Niliamini alivyoamini yeye. Kaspari naye hakumzuia, kwa sababu siku zile alikuwa na lake.

Lake lilikuwa hivi. Pale kilabuni walikuwa wanakunywa pombe ya komoni kwa kopo moja linalozunguka. Siku aliyorudi, mwenye kilabu alimletea kikombe chake peke yake, cha plastiki, kishikio kimefungwa uzi mwekundu.

"Hiki chako, Kaspari. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri."

"Ni kwa ajili ya wateja."

"Na nikianguka? Utanijengea na kilabu changu?"

Watu walicheka. Kikombe kilibaki pale pale. Jumapili kanisani, wakati wa kutakiana amani, aliokaa nao walimwinamia vichwa, mikono wakaificha mifukoni. Alinisimulia yote haya kama mzaha. Lakini nilimwona akikaa peke yake anaweka mkono wa kushoto juu ya goti na kukitazama kidole gumba. Alikuwa anasubiri kicheze.

Siku moja nilimwambia aache. Alinipiga kofi kwenye shavu lile lililoungua, na ngozi changa ikapasuka. Alinipiga tena baada ya hapo, siku nyingine, kwa mambo yasiyo na maana, chumvi, mlango. Sikuandikii haya kumchafua. Ni huyo huyo aliyenitoa motoni, na siwezi kukupa mmoja nikakuficha mwingine.

Kifafa, bila vidonge, kilirudi na hasira. Nilianguka kisimani nikapasuka kichwa. Nilianguka kanisani bega likachomoka, Kaspari akalirudisha kwa kunikanyaga kwapani na kuvuta. Nilianguka usingizini. Niliamka na ulimi uliovimba usioenea mdomoni, kanga imelowa mkojo, watu wamesimama mlangoni wameziba pua. Kaspari alikuwa ananichomeka mpini wa mwiko katikati ya meno, akidhani ananisaidia, na mwiko huo ndio ulioyavunja haya mawili ya mbele. Kwa hiyo usikubali akuwekee mtu kitu mdomoni, iwe kijiko, iwe kijiti, iwe kidole chake.

Tulikuwa tumeshavuna, kiangazi kimeanza, mashamba yamebaki mabua, nilipoanguka mahali pabaya kuliko moto.

Kijiji cha pili kutoka kwetu walikuwa na msiba. Huwezi kutokwenda msibani, hilo unalijua, hata watu wakikusogezea mkeka wako pembeni. Nilikaa na wanawake waliokuwa wanachagua mchele karibu na vyungu. Kidole kikacheza. Nilisimama ili niondoke penye moto, maana nilikuwa nimejifunza hilo tu.

Ninayokueleza sasa nimesimuliwa na wifi yangu Skola, dada yake Kaspari. Mwili wangu ulikuwepo pale. Mimi sikuwepo.

Kasema niliangukia kwenye sufuria la maharage, likapinduka, na maharage ya moto yakawamwagikia wanawake wawili miguuni. Kasema walioungua walikuwa wanapiga kelele, na wengine walikuwa wanapiga kelele zaidi kwa ajili ya chakula, kwamba povu limeingia kwenye chakula cha watu. Akatokea mwanaume mmoja na mti wa kukorogea pombe, akasema, "Msimguse. Nitamsogeza." Akanisukuma kwa ule mti, mbavuni, shingoni, kama unavyosukuma gogo lililoziba mfereji. Mwingine akaleta mti wa pili. Walikuwa wananiviringisha kuelekea kwenye migomba, na mimi bado nilikuwa napiga.

Kaspari alikuja kutoka walikokaa wanaume. Wakamzuia njia kwa mikono.

"Wewe tulia huko. Tunamtoa."

"Mnamtoa kama nyoka?"

"Tumshike sisi tuwe kama wewe? Umeshaambukizwa, unataka utumalizie na watoto?"

Kaspari ndiye aliyepiga wa kwanza. Hilo nalisema popote, hata polisi nililisema. Aliunyakua ule mti akampiga yule mwanaume nao shingoni, akaanguka. Akampiga wa pili usoni, pua ikapasuka. Basi wakamwingia. Skola kasema hakuna aliyesema kitu, ndicho kilichomtisha, watu waliokuwa wanapiga kelele muda wote wakawa wanapiga mtu kimya. Walimpiga kwa mateke na kwa vile viti vya kukunja. Walimpiga wasiotaka kumgusa, wakakumbuka wakati wameshamgusa, wakazidi kumpiga kwa sababu hiyo. Halafu mtu mmoja akachukua mchi wa kutwangia, akampiga nyuma ya sikio.

Watu wakatawanyika. Kaspari akasimama. Damu ilikuwa kidogo tu. Akaja pale kwenye migomba, akanigeuza ubavu, akanifuta mdomo kwa shati lake, akakaa chini mpaka nikafumbua macho. Kitu cha kwanza nilichoona ni uso wake umevimba upande mmoja. Nikamuuliza, "Nani amekupiga?" Akasema, "Twende nyumbani." Alinipakia kwenye baiskeli akaisukuma. Njiani alitapika mara ya kwanza.

Alipofikishwa hospitali alikuwa anaongea kama mlevi. Wodi ya wanaume hawakuruhusu mwanamke kulala, kwa hiyo nilibaki barazani kwenye benchi la wanaosubiri. Nilikuwa naogopa kitu kimoja: nisije nikaanguka juu ya mgonjwa wa mtu, wakanifukuza, Kaspari akabaki peke yake. Nikajifunga kifundo cha mguu kwenye mguu wa benchi kwa kitenge. Watu walipita wakadhani ni kichaa. Waliokaa karibu walihama.

Nilianguka. Niliamka kichwa changu kiko juu ya mapaja ya mtu. Alikuwa mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anamuuguza mwanawe aliyepigwa pembe na ng'ombe. Alikuwa anapangusa kidevu changu kwa kanga aliyokuwa ameivaa.

"Umelowa," akaniambia. "Na mimi umenilowesha. Tutafua."

Nilitaka kuinuka, nikamwambia, "Mama, mimi nina kifafa."

"Nimeona. Lala kwanza."

Sijawahi kumwona tena baada ya wiki ile. Jina lake sikuuliza, na hilo linaniuma.

Muuguzi aliyekuja alinikuta hivyo. Akanifungua kitenge mguuni.

"Una kadi ya kliniki?"

"Nilikuwa nayo."

"Dawa uliacha lini?"

"Nilipoungua."

"Kwa nini?"

"Aliyeungua haponi."

Akautazama mkono wangu, akanitazama usoni. Hakukasirika, alikuwa amechoka. "Dada, kilichoungua ni mkono. Vidonge tulikuwa tunakupa vya mkono?"

 Na wewe naomba ulitafute jibu lake hapo ulipokaa na bandeji yako, kwa sababu mimi nimelitafuta miaka yote hii sijalipata. Moto haukwenda kichwani kwangu kukibadilisha kitu chochote. Uliunguza ngozi, ukaishia hapo. Yaliyobaki tuliyafanya sisi, kwa maneno tuliyorithi.

Nilianza vidonge tena siku hiyo hiyo, kwenye baraza lile. Kaspari alikuwa anaamka na kupotea, anaamka na kupotea. Mchana mmoja alikuwa na akili zake zote. Nilimwonyesha kidonge kabla sijakimeza.

"Umeanza tena?"

"Nimeanza."

"Mama atasemaje?"

"Atawapa kuku."

Alicheka kidogo, akashika kichwa.  Halafu akauleta mkono wake wa kushoto karibu yangu, juu ya shuka.

"Vero, hebu niangalie kidole."

"Kimetulia."

"Angalia vizuri."

Niliangalia. Niliushika mkono wake wote kwa mkono wangu mzima, nikakaa nao mpaka wakaja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umeisha. Kidole hakikucheza. Nilimwambia. Akasema, "Basi hukuniambukiza," na alilisema kama mtu aliyetua mzigo wa mpunga. Asubuhi nilikwenda kuchukua uji. Niliporudi kitanda kilikuwa kimefunikwa.

Editha, mtu yule alinilalia kifua kwa kifua, povu langu na damu yangu vikamwingia mpaka kwenye macho. Alilala nami kitanda kimoja, akala nami sahani moja, misimu yote ile. Alikufa hajaanguka hata mara moja. Alikufa kwa mchi.

Polisi waliwachukua wawili, baadaye wakaachiwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekubali kwamba aliona mchi ulikuwa mikononi mwa nani. Kwenye mazishi shemeji yangu Damasi, kaka yake, alinitaka niandike wasifu wa marehemu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Akaniambia niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Niliandika: alipigwa msibani alipokuwa anamtoa mke wake, akafariki. Katekista alisoma mpaka hapo, akasimama kidogo, akaendelea kuusoma. Watu walitazama chini. Siku ya kuondoa tanga Damasi aliniambia nikatafute pa kuishi. Hakunifokea. Alinibebea begi mpaka barabarani, tukasubiri gari pamoja.

Ndivyo nilivyofika Ifakara na ndivyo nilivyoanza kazi hii unayonitania nayo. Naandika wasifu wa marehemu wa watu na risala za harusi pale kwenye duka la kuchapa. Hadithi zangu, zile ulizosema zina maiti wengi, hakuna anayezitaka, na mwezi huu naandikia upande wa pili wa karatasi zilizoharibika. Sikulalamikii. Nakueleza ujue kwamba anayekuandikia hajafika mbali. Amefika hapa tu.

Wala sisemi nimepona. Masika ya kwanza baada ya msiba nilianguka mara kadhaa. Kiangazi kilichofuata mara chache. Mavuno ya mwaka wa pili niliwasaidia watu kubeba mpunga nikavuka msimu mzima nimesimama. Sasa ni muda mrefu, mpaka majirani wapya hawajui. Vidonge vinanipa usingizi, na maneno yananitoroka, jambo baya kwa mtu wa kazi yangu. Jana nilikaa nimekodoa macho nikitafuta neno "ungo". Mkono haukunjuki. Nikisikia harufu ya nywele zilizoungua natoka nje. Lakini napika, Editha. Nawasha moto mwenyewe, nakaa mbele yake.

Jana jioni, niko hapa nawaza nianzie wapi barua hii, simu ikalia, ukawa ni ujumbe wako: "Dada Vero, unawaandikia watu wasifu mzuri wakiwa hawasikii. Niandikie wangu mapema, nikiwa bado nasikia." Nilijua unatania. Nilijua pia hutanii.

Siandiki. Nilijaribu, kwa hasira, nione ungekuwaje. Ulizaliwa Mbingu, ulisoma, uliacha shule kwa kuugua, ulipenda utani. Umekwisha. Hata nusu ukurasa haujajaa, na mimi siwezi kwenda kusimama mbele ya watu nikasoma kitu kama hicho kwa ajili ya mtu aliyekufa kwa kukosa vidonge vilivyokuwa ndani ya nyumba yao. Nimeshaandika wa Kaspari. Kama una hasira na mimi kwa hili, kaa nayo mpaka nije.

Jumatano nakuja. Nitashuka Mbingu na basi la kwanza, twende kliniki wote, ukiwa na bandeji yako hivyo hivyo. Ukikataa nitakaa hapo uani kwenu nikusemeshe mpaka unichoke. Vidonge vilivyobaki usivianze wewe mwenyewe wala usivitupe. Waulize zahanati kesho asubuhi wanapokubadilishia bandeji, waambie ukweli kwamba uliacha na umeacha kwa muda gani.

Haya yaliyobaki si yako. Mkono wako wa kuandikia na kushikia umefungwa, na huo mwingine unatosha kubofya simu, si kushika kurasa zote hizi, kwa hiyo najua barua hii unasomewa, na najua anayesoma ni mama yako.

Mama, shikamoo. Mimi sikulaumu kwa kusimama mlangoni. Nimeona wanaume wenye nguvu wakisimama mbali zaidi ya pale. Ulifundishwa kama sisi tulivyofundishwa, na nimekueleza yaliyomkuta aliyenishika na ambayo hayakumkuta. Mtoto wako hajafika mwisho. Akianguka kabla sijafika, sogeza moto na sio yeye. Ukishindwa kuusogeza moto, mvute yeye, kwa mikono yako. Mgeuze ubavu, mfute kinywa, kaa naye. Na ukishamfuta, mama, usikimbilie maji. Sisi tukiamka huwa tunatazama kwanza mikono ya waliotuzunguka, nani ananawa na anavyojisugua. Akifumbua macho akukute umekaa, hujanawa bado.

Veronika
Ifakara